Kabla hujalipia spidi zaidi: ruta ya nyumbani kwa tulio Ujerumani

Ujerumani, intaneti ya nyumbani huanzia kwenye kengele ya mlango. Fundi wa kuunganisha laini hupangiwa muda mrefu, kwa mfano saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, na akifika anatafuta jina lililoandikwa kwenye mkataba. Asipoliona anaondoka, nawe unasubiri miadi mingine. Wengi wetu tumepanga kwa mtu, kengele ina jina la mwenye nyumba au la mpangaji aliyehama zamani. Andika jina lako kwenye karatasi, libandike kwa selotepu siku moja kabla. Mjulishe na msimamizi wa jengo, kwa sababu fundi huenda akahitaji kushuka chini kwenye kisanduku cha laini za jengo zima, na mlango wa huko hufungwa.

Laini ikishawashwa, kuunganisha si kazi kubwa. Kama ni DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, ukutani kuna soketi yenye matundu matatu, na waya wa ruta unaingia tundu la katikati, lenye herufi F. Kama ni laini ya televisheni, waya ni mnene na mara nyingi hukazwa kwa kuzungusha. Kama ni faiba, kuna kisanduku kidogo ukutani na waya wa kawaida wa mtandao unatoka hapo kwenda kwenye ruta. Ukishawasha, ipe dakika 15 bila kuigusa. Kuzima na kuwasha mara kwa mara kunaweza kuifanya mitambo ya kampuni ione kwamba laini yako haijatulia, ikaishusha spidi.

Jina la waifai na nywila yake viko kwenye kibandiko cha ruta, penye neno WLAN-Schlüssel, yaani nywila ya waifai. Kipige picha leo. Kisha ingia kwenye mipangilio kwa kivinjari: ruta aina ya FRITZ!Box hufunguka kwa fritz.box au 192.168.178.1, Speedport kwa 192.168.2.1. Nywila ya kuingilia hapo ni nyingine, nayo imo kwenye kibandiko hicho hicho. Hakikisha ulinzi wa waifai ni WPA2 au WPA3, basi.

Panapohitaji muda wako ni mahali pa kuiweka ruta. Dada mmoja wa Mombasa ninayemfahamu, mama wa watoto wawili, alilalamika kwa kampuni yake kwamba video inakatika anapoongea na mama yake. Akauziwa mkataba wa megabiti 250 badala ya 50. Video ikaendelea kukatika. Nilipokwenda kwake niliikuta ruta ndani ya kabati la bati kwenye korido, jirani na mita ya umeme, kwa kuwa soketi ilikuwa hapo na waya ulikuwa mfupi. Tulinunua waya wa mita 10, tukaileta ruta sebuleni juu ya rafu, na siku hiyo hiyo mazungumzo yakatulia. Inaniuma kila nikikumbuka, maana ule mkataba mpya ulikuwa wa miezi 24 na ilibidi aulipe wote. Simu ya video ya WhatsApp haihitaji zaidi ya megabiti chache kwa sekunde. Alichokosa ni mawimbi.

Majengo mengi ya huku yana kuta za zege lenye nondo, na nondo ni chuma. Mawimbi yakipita ukuta mmoja wa namna hiyo yanachoka, yakipita miwili yanabaki kidogo sana. Friji, kioo kikubwa cha bafuni na tangi la samaki nayo huyazuia. Kwa hiyo ruta ikae mahali pa wazi, juu kidogo, karibu na katikati ya nyumba, mbali na jiko la maikrowevu, ambalo hutumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4.

Ruta nyingi hurusha masafa mawili. La gigahezi 2.4 linafika mbali lakini limejaa, kwa sababu ghorofa nzima inalitumia. Ukiweza kuchagua chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo, chukua 1, 6 au 11 kulingana na ipi ina majirani wachache. La gigahezi 5 lina kasi ila haliendi mbali, basi laptopu iliyo chumba kimoja na ruta itumie hilo. Kuna jambo moja hapa ambalo limewafanya watu warudishe ruta nzima dukani: baadhi ya chaneli za gigahezi 5 hutumiwa pia na rada. Kwa sheria za Ulaya ruta lazima isikilize kwanza kabla ya kurusha, kwa kawaida dakika moja, na kwenye chaneli za rada za hali ya hewa dakika 10. Umeizima, umeiwasha, waifai ya 5 haionekani? Pika chai kwanza.

Mambo yakigoma, tafuta mnyororo umekatikia wapi. Simama karibu na ruta. Kama hapo intaneti iko sawa, tatizo ni umbali na kuta. Kama bado ni mbovu, chomeka laptopu kwa waya kwenye tundu lililoandikwa LAN. Kwa waya ni nzuri? Basi waifai ndiyo yenye kasoro, usiisumbue kampuni. Laptopu ikionyesha anwani ya mtandao (IP) inayoanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Zima zote mbili uziwashe upya, ruta ikitangulia. Na kama taa ya DSL inapepesa bila kukoma hata baada ya robo saa, kosa liko kwenye laini. Hapo ndipo pa kupiga simu na kusema: „Ich möchte eine Störung melden“, yaani nataka kutoa taarifa ya hitilafu. Omba namba ya taarifa yako, andika tarehe na saa.

Tarehe hiyo ina thamani ya pesa. Tangu Desemba 2021 sheria inakupa haki: laini ikikatika kabisa na isitengenezwe ndani ya siku mbili tangu utoe taarifa, unaweza kuidai kampuni fidia. Siku ya tatu na ya nne ni euro 5 au asilimia 10 ya malipo ya mwezi kwa kila siku, ipi kubwa. Kuanzia ya tano ni euro 10 au asilimia 20 kwa kila siku. Fundi asipotokea kwenye miadi ni euro 10 au asilimia 20 vilevile. Na kama laini ipo ila haifiki spidi uliyolipia, pakua programu ya bure ya kupima spidi, Breitbandmessung, kutoka Bundesnetzagentur, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, upime kwa waya jumla ya mara 30 katika siku tatu tofauti. Matokeo yakikuunga mkono, unaweza kudai upunguziwe malipo au uvunje mkataba.

Wakati mwingine kosa haliko huku, liko kwa ndugu zetu nyumbani Afrika Mashariki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania na Kenya zikabaki na intaneti ya kusuasua. Huku wengi wetu tulikuwa tunazima na kuwasha ruta. Kama tovuti za hapa zinafunguka vizuri, usiguse kitu. Piga simu ya kawaida uwajulie hali.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ila mpe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao na unawashwa kwa kubofya mara moja. Mtu akipakua filamu kwa torenti kupitia laini yako, barua ya wakili yenye madai ya mamia ya euro huja kwa jina lililo kwenye mkataba. Waeleze hivyo waziwazi, hata kama ni shemeji.

Mkataba ukiisha na ruta ni ya kukodi, ifute mipangilio yote, irudishe pamoja na chaja yake kwa posta, na risiti ya kutuma iweke hadi upate barua kwamba imepokelewa.