Kunakili na kurejesha volumu ya LVM yenye PostgreSQL: mipaka na tahadhari

Mwongozo huu ni wa seva ya Linux yenye volumu ya `vg0/data` iliyotengenezwa kwa LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski katika volumu), mfumo wa faili wa XFS, na PostgreSQL (programu ya hifadhidata) juu yake. Tuelewane kwanza: snapshoti ya LVM (picha ya volumu ilivyokuwa wakati fulani) si nakala rudufu. Inakaa kwenye diski zilezile za volumu mama, na diski zikifa vyote vinakwenda. Kazi yake ni kukupa data isiyobadilika kwa muda wa kunakili tu.

1. Pima nafasi

Endesha `vgs`, tazama safu ya VFree (nafasi iliyo wazi kwenye VG, yaani kundi la volumu). Snapshoti hutunza vipande vya zamani kila vinapoandikwa upya kwenye volumu mama, kwa hiyo ukubwa wake unategemea kiasi kinachoandikwa wakati unanakili, si ukubwa wa volumu. Seva ikiandika GB 5 kwa saa na kunakili kukachukua saa 3, tenga GB 25. Hizo 10 za ziada ni za usiku ambao kazi nyingine nzito imeangukia saa ileile.

Ikijaa, snapshoti inabatilika na haisomeki tena. Volumu mama inabaki salama, lakini nakala uliyokuwa unaitoa ni ya kutupa. Katika `/etc/lvm/lvm.conf`, `snapshot_autoextend_threshold` huja ikiwa 100, maana yake snapshoti haitaongezwa ukubwa yenyewe kamwe. Iweke 70, uhakikishe `dmeventd` (huduma inayofuatilia volumu) inafanya kazi na VG ina nafasi ya kuongezea.

2. Iandae hifadhidata

Data na `pg_wal` (kumbukumbu ya mabadiliko ya PostgreSQL) zikiwa kwenye volumu moja, huhitaji kufanya lolote: ukirejesha, PostgreSQL itajikwamua kama vile umeme ulikatika. Zikiwa kwenye volumu mbili, snapshoti mbili haziwezi kuchukuliwa kwa nukta moja, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu kila kitu. Kama huduma inaweza kukatika kidogo, zima hifadhidata, chukua zote mbili, iwashe. Ni sekunde chache.

3. Chukua na unakili

```
lvcreate -s -L 25G -n data_snap vg0/data
mount -o ro,nouuid /dev/vg0/data_snap /mnt/snap
tar --acls --xattrs --selinux -S -czpf /chelezo/data.tgz -C /mnt/snap .
lvs vg0
```

Bila `nouuid`, XFS itagoma kwa sababu UUID (namba ya utambulisho) ya snapshoti ni sawa na ya volumu iliyokwisha kupachikwa. Usiongeze `norecovery` ili kupita njia ya mkato. Utakuwa unasoma mfumo wa faili ambao jarida lake (rekodi ya mabadiliko yanayosubiri kukamilishwa) halijachezwa. Na `/chelezo` iwe kwenye mashine nyingine.

Amri ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Tazama herufi ya 5 kwenye safu ya Attr: ikiwa `I`, snapshoti ilibatilika njiani, futa faili hiyo hata kama ina ukubwa wa kuridhisha. Ikiwa `a`, fanya `umount` kisha `lvremove`. Usiiache ikae, maana inapunguza kasi ya kuandika.

4. Rejesha

Usikimbilie `lvconvert --merge`. Inarudisha volumu nzima nyuma, kila kilichoandikwa baadaye kinapotea, na ikimaliza snapshoti haipo tena. Volumu ikiwa inatumika, kazi hiyo inasubiri hadi volumu iwashwe upya, jambo linaloshtua wanaoona hakuna kilichobadilika.

Badala yake, fungua nakala kwenye volumu mpya:

```
tar --acls --xattrs --selinux -xzpf /chelezo/data.tgz -C /mnt/mpya
```

Kwenye seva mpya yenye mtumiaji `postgres` tayari, acha tar ilinganishe majina. Tumia `--numeric-owner` pale tu unapofungulia kwenye mfumo wa uokoaji usio na watumiaji hao. Umiliki ukikosewa, PostgreSQL haitawaka.

Toleo kuu la PostgreSQL lazima liwe lilelile. Ukihama kutoka mfumo wenye glibc (maktaba kuu ya C ya Linux) ya chini ya 2.28 kwenda 2.28 au zaidi, mpangilio wa herufi umebadilika: hifadhidata itawaka vizuri huku faharasa za maandishi zikitoa majibu yenye makosa. Endesha `REINDEX DATABASE` kabla ya kuruhusu watumiaji kuingia.