SOMO: Mkono umevunjika, sasa kiganja kinaning'inia. Soma hapa kabla ya kuniuliza

Habari zenu wadau. Nafanya fiziotherapia mwaka wa kumi na moja huu na inbox imejaa swali moja: "ndugu yangu kaanguka na bodaboda, mkono wa juu umevunjika, kafungwa hogo vizuri tu lkn kiganja hakinyanyuki, kapooza?" Naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma link.

Kuna neva (mshipa wa fahamu) inaitwa radiali, imeuzunguka mfupa wa juu wa mkono kwa nyuma kama kamba ilivyozungushwa kwenye mti, imelala juu ya mfupa kabisa. Mfupa ukivunjika katikati, neva inavutwa au inapondwa, mara chache inakatika. Hiyo ndo inanyanyua kiganja na kunyoosha vidole. Sio kiharusi na hajarogwa.

Hatua ya 1. Mkono juu ya meza, kiganja kining'inie nje ya ukingo. Anyanyue kiganja, kisha anyanyue dole gumba. Vyote vikigoma na mgongoni mwa mkono, kati ya gumba na kidole cha shahada, pana ganzi, ni radiali. Ganzi ikiwa upande wa kidole cha mwisho kuna neva nyingine imeguswa, mwambie daktari.

Hatua ya 2. Dharura ni mbili. Kidonda cha panga, kioo au mfupa uliotoka nje, na mkono umelegea: hospitali siku hiyo hiyo, neva iliyokatwa na kitu chenye makali inatakiwa iunganishwe mapema. Ya pili, kafungwa hogo au mabanzi ya fundi wa mifupa, maumivu yanazidi, vidole vimevimba, ukimnyooshea vidole anapiga kelele. Hapo pamebana, pafunguliwe saa hiyo hiyo, msisubiri asubuhi.

Hatua ya 3. Kama ngozi haijapasuka, mnasubiri, ila mnasubiri na kalenda mkononi. Daktari Seddon wa Uingereza mwaka 1943 aligawa majeraha ya neva mafungu matatu: la kwanza neva imeshtuka tu, inarudi ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi 3; la pili nyuzi za ndani zimekatika ila ganda limebaki, hizo zinakua kama milimita 1 kwa siku; la tatu neva imekatika yote, hiyo bila upasuaji hairudi. Kwa mifupa iliyovunjika bila kidonda zaidi ya theluthi mbili wanapona bila kupasuliwa neva. Kipimo cha umeme wa neva kifanyike wiki ya 3 au 4, ukienda siku ya tatu kinadanganya maana kipande cha chini bado kinapitisha umeme. Miezi 3 ikipita bila dalili yoyote omba rufaa hospitali kubwa (MOI kwa Dar, KCMC kwa Moshi, Bugando kwa Mwanza). Msisubiri mwaka, msuli uliokosa neva mwaka mmoja au mmoja na nusu hata neva ikifika haushiki tena.

Hatua ya 4. BANZI NA MAZOEZI. Hapa tulieni. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpokea fundi cherehani, mkono wa kulia. Nikamtengenezea banzi la kunyanyua kiganja, nikalipeleka mpaka ncha za vidole, vidole vimenyooka twaa, nikamwambia asilivue mpaka arudi. Akanitii. Karudi baada ya wiki saba, neva imeshaanza kuamka, msuli nauona unacheza chini ya ngozi, ila vifundo vya vidole vimekauka, hawezi hata kuingiza vidole kwenye mkasi. Neva ilirudi yote mwezi wa sita tangu aumie. Vidole vilituchukua karibu mwaka, na cha kati mpaka leo hakigusi kiganja. Kosa lilikuwa langu, la kwake lilikuwa kunisikiliza.

Kwa hiyo:
- banzi liishie katikati ya kiganja, vidole viwe huru, kifundo cha mkono kinyanyuke digrii 20 mpaka 30 tu
- livuliwe mara 3 kwa siku, mkono usioumia uunyanyue kiganja, uvinyooshe vidole kisha uvikunje ngumi KAMILI, mara 10 kila zoezi
- marufuku kukanda na maji ya moto penye ganzi, ngozi itababuka na yeye hasikii

Hatua ya 5. Kila wiki mbili gonga taratibu kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva, ukianzia chini kupanda juu. Ukipata shoti inayokimbilia kwenye gumba weka alama ya peni. Alama ikishuka mwezi hadi mwezi, neva inatembea. Kiganja ndo kinaanza kunyanyuka, vidole vinafuata, gumba la mwisho.

Hatua ya 6. Vitamini B haiungi neva. Maumivu ya kuchoma usiku yana dawa zake, aandike daktari.

MASWALI

Kijana wa Tegeta: Mkuu mi sijavunjika, nimelala kwenye kochi mkono umening'inia kwenye egemeo, nimeamka kiganja hakinyanyuki?
Jibu: Neva ile ile, umeilalia. Mara nyingi ni fungu la kwanza, inarudi ndani ya wiki kadhaa. Kapimwe, na hatua ya 4 fanya yote.

Mzee wa fasta: nimepitia juu juu, anunue dawa gani
Jibu: Hatua ya 6.
Mzee wa fasta: mbona jirani alipona na sindano za vitamini
Jibu: Rudi hatua ya 3, hao ni wengi na wangepona hata bila sindano. Sijasema ni sumu, nimesema haziungi neva.

Mama wa mmoja: Kaka samahani, mwanangu ana mwaka na nusu, alichomwa sindano kalioni akalia sana, toka siku ile mguu anauburuza.
Jibu: Pole sana dada. Inawezekana sindano imegusa neva kubwa ya mguu inayopita kalioni. Nenda kesho, sema mguu umelegea ghafla. Watachukua choo mara mbili kupima polio, usiogope, ni utaratibu kwa kila mtoto chini ya miaka 15. Omba banzi la kushika unyayo usiangukie mbele. Na siku nyingine sindano ya mtoto mdogo iwe paja, upande wa nje.

Mwanafunzi: Kwa nini inakua taratibu hivyo?
Jibu: Swali zuri. Unyuzi ni mkono mrefu wa seli iliyoko kwenye uti wa mgongo. Malighafi zote zinatengenezwa kule kwenye seli halafu zinasafirishwa ndani ya unyuzi mpaka kwenye ncha, na msafara huo ndo mwendo wake. Chukua rula upime toka palipovunjika mpaka chini ya kiwiko ambako msuli upo, hesabu milimita, utapata siku.

Dereva wa boda: naruhusiwa kuendesha na banzi?
Jibu: Hapana. Breki ya mbele utaishikaje?

Fundi bomba: Huku kwetu banzi bei juu.
Jibu: Mwombe fiziotherapia akukatie la bomba la PVC la inchi 4. Linapashwa juu ya jiko likilainika linakunjwa kwenye kigezo, KAMWE sio juu ya mkono wenyewe, kingo zinapigwa msasa, ndani sponji na kitambaa cha pamba. Nimefunga mengi ya hivyo, yanadumu kuliko ya hogo na unaoga nalo.