Namna ya kugawa sifa na lawama kwa haki pale vita vinaporithiwa na serikali mpya

Serikali inapobadilika katikati ya vita, askari hawarejei nyumbani siku rais mpya anapoapishwa. Mipango huendelea, bajeti iliyokwisha kupitishwa huendelea kutumika, na mara nyingi hata majenerali hubaki wale wale. Matokeo yakija kuonekana mema, wafuasi wa pande zote mbili huyagombea. Yakiwa mabaya, kila upande huusukumia mwingine. Mwongozo huu ni wa mwandishi, mwalimu wa uraia au msomaji yeyote anayetaka kuamua suala hilo kwa ushahidi na si kwa ushabiki. Mfano mkuu ni kuondoka kwa majeshi ya Marekani nchini Iraq, ambako kwa upande wa Wamarekani walikufa wanajeshi wapatao 4,500, na kwa upande wa Wairaqi walikufa watu wengi kupita kiasi hicho kwa mbali. Kwa gharama ya namna hiyo, si haki kumvika mtu yeyote kilemba cha ukoka.

Kabla hujasoma hotuba yoyote, anza na tarehe. Chukua siku ya makabidhiano, yaani 20 Januari 2009, Barack Obama alipopokea madaraka kutoka kwa George W. Bush, kisha uyapange maamuzi kabla na baada ya siku hiyo. Kabla yake utakuta kwamba Januari 2007 Bush alitangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000, hatua ambayo Obama na Joe Biden, wakiwa maseneta wakati huo, waliipinga. Utakuta pia kwamba Novemba 2008 serikali ya Bush ilitiliana saini na serikali ya Nouri al-Maliki, waziri mkuu wa Iraq, makubaliano yaliyotaka vikosi vya mapigano viwe vimetoka mijini ifikapo 30 Juni 2009, na askari wote wawe wameondoka Iraq ifikapo 31 Desemba 2011. Baada ya makabidhiano, tarehe 27 Februari 2009, Obama alitangaza katika kambi ya Camp Lejeune kwamba shughuli za mapigano zingekoma 31 Agosti 2010, kwamba wangebaki askari kati ya 35,000 na 50,000, na kwamba alikusudia kuiheshimu tarehe ya mwisho wa 2011. Msafara wa mwisho uliingia Kuwait tarehe 18 Desemba 2011. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ilirithiwa, na ile ya katikati ni ya Obama mwenyewe.

Hatua ya pili ni kuusoma mkataba wenyewe na kuuliza nani aliutaka uwe hivyo. Tarehe ya kuondoka imo katika ibara ya 24, na haikuwekwa kwa sababu Bush aliipenda; kwa miaka alikuwa amekataa kabisa kujifunga kwa ratiba. Waliosisitiza ni Wairaqi, kwa kuwa al-Maliki asingeweza kulipeleka bungeni Baghdad jambo lisilo na kikomo na akatarajia kuungwa mkono. Bunge hilo liliyapitisha makubaliano tarehe 27 Novemba 2008. Hapa ndipo mabishano ya Washington yanapopotoka zaidi, kwani huzungumzwa kana kwamba sifa ni mali ya kugawanywa kati ya marais wawili wa Marekani, ilhali aliyeiweka tarehe mezani ni mtu wa tatu.

Baada ya hapo chunguza kama mrithi alikuwa na nafasi ya kugeuza mambo. Dalili moja nzuri ni watu: Obama alimbakiza Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Bush, ambaye alikaa katika wadhifa huo hadi katikati ya 2011. Mwendelezo wa namna hiyo haumaanishi kwamba mrithi hakuamua lolote. Mwaka 2011 serikali yake ilijadiliana na Baghdad juu ya kubakiza maelfu kadhaa ya askari, mazungumzo yakakwama kwenye kinga ya kisheria dhidi ya mahakama za Iraq, na tarehe 21 Oktoba Obama akatangaza kwamba wote wanaondoka. Kuendeleza sera ni uamuzi, na anayeuchukua hubeba sehemu yake.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu zaidi, nayo ni kutumia kipimo kile kile kwa sifa na kwa lawama. Februari 2010 Biden, akiwa makamu wa rais, alisema kwenye televisheni kwamba Iraq ingeweza kuwa mojawapo ya mafanikio makubwa ya serikali yao. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Bush, akajibu kwamba wakitaka sifa hiyo, basi wamshukuru George Bush. Mwaka 2012 Obama aliomba kura akisema kwamba ameimaliza vita kama alivyoahidi. Kisha, Juni 2014, mji wa Mosul nchini Iraq ukaangukia mikononi mwa kundi la Dola la Kiislamu. Agosti mwaka huo Obama alilalamika mbele ya waandishi wa habari kwamba watu wanauchukulia uondokaji kana kwamba ulikuwa uamuzi wake, na Cheney naye alikuwa amekwisha kumtupia Obama mzigo mzima. Tarehe na saini katika mkataba hazikuwa zimebadilika hata moja. Njia ya kujikinga na kosa hilo ni kuandika sentensi yako ya sifa, kisha kulibadili tokeo jema kuwa baya na kuisoma tena. Ukitamani kulibadili jina la mhusika, ujue kwamba bado hujapima.

Utenganishe pia uamuzi na utekelezaji. Afghanistan inalionyesha hili waziwazi: serikali ya Donald Trump ilisaini na Taliban mjini Doha, tarehe 29 Februari 2020, makubaliano ya kuondoa majeshi ya Marekani, Biden akaukubali msingi huo Aprili 2021 na kuisogeza tarehe, na Kabul ikaanguka 15 Agosti. Namna raia walivyohamishwa ni suala linalohitaji hukumu yake peke yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, zoezi hili lina matumizi ya karibu. Kenya iliingiza majeshi Somalia Oktoba 2011 chini ya Rais Mwai Kibaki, Raila Odinga akiwa waziri mkuu. Kismayu ilitwaliwa mwaka 2012, mwaka ambao vikosi hivyo viliunganishwa na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Uhuru Kenyatta akavirithi 2013, na William Ruto 2022. Ukiulizwa nani anastahili sifa au lawama, tenga uamuzi wa kuvuka mpaka, uamuzi wa kuingia chini ya mwavuli wa Umoja wa Afrika, na uamuzi wa kubaki baada ya shambulio la Januari 2016 dhidi ya kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia. Huu wa mwisho ni wa Kenyatta, hata kama vita hakuvianzisha yeye.

Unapoandika hukumu yako, mpe kila mhusika kitenzi chake, na uliepuke neno “alimaliza” likiwa peke yake. Kwa Iraq ingesomeka hivi: Wairaqi walidai tarehe, Bush aliikubali na kuitilia saini, Obama aliitekeleza baada ya kushindwa kupata masharti ya kubakiza askari wachache.