Namna ya kutumia kitenzi "dissuade" bila kukanusha mara mbili

Anayejifunza Kiingereza hapa Mbeya huwa amekwisha kulizoea neno "persuade", yaani kushawishi, muda mrefu kabla ya kukutana na "dissuade", na kuchelewa huko ndiko kunakomponza. Maneno haya ni ndugu, kwa maana yote mawili yanatokana na neno la Kilatini "suadere", kushauri. La kwanza ni kumshawishi mtu afanye jambo, la pili ni kumshawishi aliache. Hutamkwa takriban "disweidi", mkazo ukiwa kwenye "swei", wala si "disuadi" kama herufi zinavyotuhadaa.

Tuseme kijana wa Iringa amepakia viazi kwenye lori na anataka kuteremka mlima Kitonga usiku huohuo. Mjomba wake anamwambia, "Mjomba, ngoja kupambazuke, ukungu wa leo si wa kuchezea," na baada ya kubishana kidogo kijana anazima injini na kwenda kulala. Kwa Kiswahili tungesema kwamba mjomba alimshawishi asisafiri usiku, na kikanushi kimo ndani ya "asisafiri". Mwanafunzi anayefuata mkondo huo huandika "He dissuaded him not to travel at night", kosa ambalo nimelipigia mstari mwekundu katika madaftari mengi mno. Ukanushi umeshabebwa na "dis-", kwa hiyo "not" inakuwa mzigo wa pili juu ya punda yuleyule. Andika "He dissuaded him from travelling at night": kitenzi, kisha mtu, kisha "from", kisha kitenzi chenye "-ing", au nomino kama katika "from his plan". Ukiona huwezi kuachana na "not", rudi kwa "persuade", useme "He persuaded him not to travel at night".

Zingatia pia kwamba "dissuade" kwa kawaida humaanisha kuwa aliyeshauriwa amekubali. Kijana angeliwasha lori na kuondoka, ingebidi tuseme "tried to dissuade him".

"Discourage" iko karibu zaidi na kuvunja moyo, kama afanyavyo mwalimu anayemwambia mtoto kuwa hesabu hataziweza, ingawa nayo hukubali "from". "Deter" ni kuzuia kwa kutia hofu, na hata kitu kisicho na kinywa chaweza kufanya hivyo: "The fog deterred him from travelling", r zikiwa mbili.

Jipime kwa sentensi hii: "Mama alinishauri nisiuze shamba la chai la Tukuyu." Iwapo shamba bado ni lako kwa sababu ulimsikiliza, "My mother dissuaded me from selling it" inafaa, iwapo uliliuza hata hivyo, andika "My mother tried to dissuade me from selling it" au "My mother advised me not to sell it".