Somo: Njia nyepesi ya utafiti wa kitaamuli (wa maelezo ya watu, si wa takwimu) kwa tasnifu ya kwanza

Assalaam alaykum. Wanafunzi wengi wa uzamili huchagua fenomenolojia, yaani kuchunguza jinsi mtu anavyoliishi jambo, kwa uzito wa jina lake, kisha wakazama kwenye falsafa na tasnifu ikalala. Mimi nakuombeni muanze na uchambuzi wa dhamira, yaani kutafuta mawazo makuu yaliyomo kwenye maneno ya waliohojiwa. Virginia Braun na Victoria Clarke waliupanga kwa hatua sita mwaka 2006, na haukufungi kwenye nadharia moja.

1. Andika swali kwa sentensi moja. "Akina mama wa Paje wanaelezaje kuiacha cottonii yenye bei na kubaki na spinosum?" Cottonii na spinosum ni aina mbili za mwani unaolimwa pwani, na Paje ni kijiji cha Unguja. Swali hilo linajibika kwa mazungumzo. Ukitaka kujua mwani umepungua kwa kiasi gani, tafuta takwimu.

2. Pata kibali cha utafiti, kisha piga hodi kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla ya nyumba ya mtu yeyote.

3. Hoji kwa Kiswahili, rekodi kwa ridhaa. Siku za bamvua usimsumbue mtu, maji yakitoka wote wako pwani kwenye kamba zao. Ngoja maji mafu.

4. Hapa ndipo penye kazi; zile hatua sita za Braun na Clarke zimo hapa na kwenye namba 5. Soma maandishi yote ya mahojiano mara mbili, halafu kila kipande chenye jambo kipe msimbo, yaani alama fupi. Tuseme mama amekwambia: "Ile cottonii ikitufia, maji yana moto. Hii bei yake ndogo, lakini niiwache nende wapi?" Misimbo: joto la maji, bei ndogo, hana pa kwenda. Kusanya inayoelekeana. Ukiandika "Changamoto", umeandika kichwa kitupu. "Wanabaki kwenye mwani kwa kukosa pa kwenda" ni dhamira, maana inasema jambo mtu anaweza kulipinga.

5. Zirudishe dhamira kwenye maandishi, uzipime, uzipe majina, uandike.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, niwahoji wangapi?
Hakuna idadi moja. Kwa swali finyu kama hili, mimi huridhika na 10 hadi 15 waliohojiwa kwa kina. Kubaliana na msimamizi wako mapema.

Niko Wete. Msimamizi anataka nadharia msingi, yaani nadharia ijengwe kutokana na data yenyewe, na mahojiano nimeshamaliza yote.
Mweleze hivyo hivyo, ndugu yangu. Njia ile ya Glaser na Strauss ya mwaka 1967 inataka ukusanye na kuchambua kwa zamu, uchambuzi ukuoneshe nani wa kumhoji baadaye. Ulipofika, uchambuzi wa dhamira utakufaa zaidi.

Nitafsiri kwanza kwa Kiingereza, ndiyo niweke misimbo?
La, dada. Weka misimbo kwenye Kiswahili, tafsiri nukuu utakazozitumia tu, na Kiswahili chake kikae pembeni. "Niiwache nende wapi" ina uchungu ambao msomaji wako anayejua lugha atautafuta.