Jinsi ya kutafuta dalili za uhai Mirihi kwa kutumia rova

Anza na mahali. Uso wa Mirihi leo ni mkavu, wa baridi kali, na unachomwa na mionzi, hivyo kinachotafutwa ni mabaki ya kale. Perseverance, rova (gari la roboti) ya NASA iliyotua Februari 18, 2021, ilipelekwa kasoko ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45, kwa kuwa zamani mto ulimwaga tope ziwani humo. Tope laini la mfinyanzi hufukia kaboni, elementi ambayo uhai hujengwa nayo, na kuihifadhi.

Rova haiendeshwi kwa usukani. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kwa hiyo ukiliona shimo pichani, gurudumu limeshaingia. Ipe mahali pa kufika na maeneo ya kukwepa, kisha iache ipige picha, ichore ramani na ijichagulie njia. Hapo hufikia takriban mita 120 kwa saa. Mchanga tifutifu uogope kuliko mawe: rova ya awali, Spirit, ilinasa mwaka 2009 na haikunasuka tena.

Ukifika kwenye mwamba, usikimbilie kutoboa. Kwangua duara la sentimita 5, puliza vumbi kwa nitrojeni, ndipo usogeze vifaa viwili vya rova: PIXL, ya eksirei, ionyeshe elementi zilivyopangika, na SHERLOC, yenye leza ya urujuanimno, isake kaboni na madini. Mpangilio una uzito kuliko kiasi. Kwenye mwamba wa Cheyava Falls, Julai 2024, yalionekana madoa meupe yaliyozungukwa na weusi wenye chuma na fosfati, mithili ya ngozi ya chui. Duniani vijidudu huacha alama za namna hiyo, ila kemia isiyo na uhai nayo yaweza kuzitengeneza, na vifaa vya rova haviwezi kuamua. Hapo ndipo sampuli inapochukuliwa.

Keekee hukata kipande chenye kipenyo cha milimita 13 na urefu wa sentimita 6. Piga picha ndani ya mrija kabla ya kuufunga. Agosti 2021 mitambo iliripoti kwamba kila hatua imekwenda sawa, kumbe mrija ni mtupu: mwamba ulisagika ukawa unga.

Na usisahau mirija ya ushahidi. Kati ya mirija 43 ya Perseverance, 5 haitiwi mwamba kamwe. Hufunguliwa karibu na kazi inapofanyika ili inase uchafu wa rova yenyewe. Bila hiyo, huwezi kuthibitisha kwamba kaboni uliyoipata haikutoka karakana ya California ilikoundwa rova.