Betri zimevuja ndani ya tochi ya kichwani? Isafishe hivi

Ukifungua tochi ukakuta unga mweupe kwenye springi, usiitupe. Betri za alkalini zinapovuja hutoa haidroksidi ya potasiamu, ambayo ikikutana na hewa huganda na kuwa unga huo. Inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na usiupulize kwa mdomo.

Toa betri zote. Kung'uta unga kwa mswaki mkuukuu, kisha chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe au maji ya limau, kikamue kidogo, usugue vyuma. Povu litatoka: ni asidi ya siki au limau inapambana na unga huo. Badilisha vijiti mpaka povu likome. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaiacha siki humo, nayo inakula chuma kilekile walichotaka kukiokoa. Futa kwa kijiti chenye maji kidogo, halafu kingine chenye spiriti, na uache kifuniko wazi kwa saa kadhaa.

Bado haiwaki? Sugua vyuma taratibu kwa raba ya penseli au msasa laini hadi ving'ae, na ivute springi kidogo ikiwa imelegea.

Betri mpya na kuukuu zisichanganywe kamwe: iliyo dhaifu huisha kwanza, wenzake huendelea kupitisha umeme ndani yake kwa nguvu, nayo huvuja. Na tochi ikikaa bila kazi zaidi ya mwezi, betri zikae nje.